Msumari Mtupu

Msumari ule haukuwepo jana. Msusi aliuona asubuhi akifagia sebule, akasimama na ufagio mkononi. Ulikuwa umepigiliwa ukutani kwa ustadi, umenyooka, mwishoni kabisa mwa safu, na haukubeba kitu.

Kwa mtu mwingine msumari ni msumari. Kwa mwanamke huyu ulikuwa kama taarifa ya msiba. Mume wake alikuwa na desturi yake, ambayo hakuiiga kwa mtu: kila alipoacha kazi alirudi na chombo kimoja cha kazi ile, akakitundika sebuleni mkabala na mlango, pale ambapo watu wenye akili zao hutundika picha ya harusi. Kulikuwa na mkasi mkubwa wa siku za ushonaji. Nyundo ya useremala. Plaizi ya umeme yenye mpini mwekundu. Kamera aliyopigia picha za maharusi, lenzi yake imepasuka. Brashi ya kuandikia mabango ya maduka. Na mwisho kopo la moshi la kutulizia nyuki, lenye kifuko cha ngozi cha kupulizia, kumbukumbu ya mwaka mmoja wa vicheko vingi na sufuria tupu. Msumari ndio uliotangulia daima. Siku mbili tatu baadaye chombo kilifuata, na mwenyewe nyuma yake, uso umemkunjuka kama aliyefunguliwa jela.

Majirani walimwita Bwana Kazi, na kabla ya kulitamka jina hilo walitazamana kwanza. "Bwana Kazi siku hizi yuko wapi?" waliuliza wanawake waliokuja kusukwa, wakijua fika. Msusi aliwavuta nywele zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwenyewe alijieleza kila mara kwa maneno yaleyale. "Nimeambiwa niondoke."

"Umeambiwa na nani?"

"Sijaambiwa na mtu. Nimeambiwa tu. Humu." Na alijigonga kifuani.

"Basi mwambie huyo aliyemo humo alipe na kodi ya nyumba."

Baada ya nyuki, kaka yake Msusi, dereva wa lori, aliitisha kikao. Alisema amechoka kuulizwa njiani habari za shemeji yake kama vile anaulizwa habari za mgonjwa. Amemwombea kazi kwenye karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari, huko anakopeleka mizigo. Kazi ya kudumu, ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Sharti ni moja tu: asiondoke. Na Bwana Kazi, mbele ya wote, aliweka kiganja juu ya kichwa cha binti yao mdogo akala kiapo kwamba pale hatatoka kwa ajili ya sauti. Msusi ndiye aliyedai kiapo. Msusi ndiye aliyechagua kichwa cha mtoto, kwa kuwa alijua mume wake hawezi kukichezea.

Sasa huo hapo msumari.

"Thubutu!" alisema peke yake. Aliitungua plaizi ya mpini mwekundu, akaubana msumari, akauvuta kwa mikono miwili huku mguu mmoja ukisukuma ukuta. Ulitoka na kipande cha lipu. Aliutumbukiza kwenye kopo lake la vitana, akairudisha plaizi mahali pake, akaendelea kufagia.

Jioni Bwana Kazi aliingia, akasimama mbele ya tundu. Msusi alikuwa amekaa mkekani, mtoto kati ya magoti yake, anamsuka.

"Hapa palikuwa na msumari," alisema mume.

"Palikuwa nao."

"Nani kautoa?"

"Mwenye kutaka kulala ndani mwezi ujao."

Alicheka kidogo, kwa adabu tu. Alijikalisha kwenye ukingo wa kiti bila kuvua viatu. "Mama Kasuku, pale mahali si pazuri."

"Pana nini?"

"Sijui. Nikiingia getini kitu kinaniambia, geuka. Tena si kama zamani. Zamani kilikuwa kinanivuta kwenda mahali. Nilikuwa naiona kamera, nawaona nyuki. Hiki kinanisukuma tu. Hakinionyeshi pa kwenda."

"Kuna mtu kaumia?"

"Hapana."

"Hawalipi?"

"Wanalipa."

"Tajiri kakutukana?"

"Ananiita mzee."

"Basi?"

Alifungua viganja vyake. Havikuwa na kitu, na yeye alijua havina kitu. Ndiyo maana alivitazama yeye kwanza. Miaka yote alikuwa na maneno ya kumpamba mke wake, mipango, michoro hata. Safari hii alikuja mikono mitupu, na Msusi alilihesabu jambo hilo kuwa ushindi.

"Mimi nimeshakuwa mke wa mafundi sita," alisema. "Nimechoka kuolewa kila mwaka. Uliapa. Mkono uliuweka wapi?"

Bwana Kazi alikitazama kichwa cha mtoto, nusu kimesukwa, nusu timutimu. Binti huyo wa miaka mitatu ndiye waliyemwita Kasuku, kwa kuwa tangu alipofungua mdomo hakuufunga. Wimbo wake alioupenda kuliko yote ulikuwa ukuta ule, na baba yake ndiye aliyemfundisha. Hata sasa, alipowasikia wazazi wake wanaugombania, alinyoosha kidole akaanza. "Nkasi! Nyundo! Paizi! Kamela! Bashi! Nyuki!"

"Nyuki," alisema baba yake.

"Nyuki zzzz!"

"Sawa, mama Kasuku," alisema Bwana Kazi, akainama kufungua kamba za viatu. "Nimekusikia." Na tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo hilo.


Heshima ilikuja polepole, kama mgeni anayechungulia kwanza. Muuza duka, aliyezoea kujitia hamnazo Msusi anapomwita, sasa ndiye aliyemwita kwanza. Kwenye kikundi cha akina mama cha kuwekeana akiba, walimsogeza kutoka mwisho wa mkeka hadi karibu na mweka hazina. Mteja mmoja, mwanamke wa maneno mengi, alimuuliza habari za Bwana Kazi, na kabla hajamaliza kutazamana na mwenzake Msusi alimjibu, "Yuko kazini. Palepale." Yule mama hakupata pa kuingilia, akaomba tu asukwe mistari midogo.

Kila Jumamosi Msusi alifua ovaroli ya mume wake. Alikuwa mwanamke msafi, tena wa kujivunia usafi. Hakuikung'uta uani, ambako jirani angelalamika kwa nguo zake zilizoanikwa. Aliikung'uta palepale mlangoni, pah, pah, na vumbi la kijivu liliruka, laini kama poda ya mtoto, likatua kwenye kizingiti na mkekani. Kisha aliiloweka katika beseni la nguo zote. Kasuku aliipenda saa hiyo. Alichuchumaa kizingitini akachora duara kwenye vumbi kwa kidole, akakilamba kidole, akachora tena.

"We mtoto, acha uchafu!" alimkemea mama yake, bila hasira.

Bwana Kazi naye alipandishwa, akawa msimamizi wa tanuri. Dereva wa lori alikuja na soda kupongeza. "Shemeji, unaona?" alisema, akimpiga begani. "Sauti ya kweli ni ile ya mwisho wa mwezi, simu inapolia kwamba mshahara umeingia." Wote walicheka. Bwana Kazi alicheka baada yao, kama mtu aliyetafsiriwa utani.

Alikuwa amebadilika, hilo Msusi aliliona, si kipofu. Mbinja zake za asubuhi zilikatika. Alirudi uso umepauka, akashika tumbo, akasema ni gesi. Mkono uliokuwa ukiandika bango zima bila rula sasa ulimwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni, na aliyefokewa kwa ajili ya chai hiyo alikuwa kikombe, kisha meza, kisha mke. Siku moja alichelewa hadi giza likaanza kuingia, na jirani ndiye aliyemleta: alimkuta amesimama mbele ya nyumba waliyopanga zamani, anashangaa kwa nini ufunguo hauingii.

"Mawazo," alisema Bwana Kazi.

Msusi aliyasoma yote hayo kwa macho yake mwenyewe. Ananinunia, aliwaza. Nimemng'olea msumari wake, sasa ananilipiza. Na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kubembeleza, alimwacha anune mpaka achoke.

Jioni moja tu, moyo wake ukiwa mwepesi, alimtania. "Ile sauti yako siku hizi vipi? Haikusumbui?"

Kijiko cha Bwana Kazi kiligongagonga kikombe ingawa hakuwa akikoroga. "Imenyamaza," alisema.

"Afadhali."

"Ndiyo. Afadhali." Aliukodolea macho ukuta. "Mwanzoni ilikuwa inapiga kelele. Halafu ikawa inanong'ona. Sasa nikijaribu kukumbuka ilikuwa inasema nini, sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba palikuwa na mtu ndani, na sasa hayumo."

Msusi alimsogezea kikombe. "Kunywa chai yako," alisema, "inapoa."

Katika siku hizohizo Kasuku alianza kupoteza maneno ya wimbo wake. La kwanza kupotea lilikuwa plaizi. Alifika hapo, akasita, akairuka. Kisha kamera. Mama yake alidhani ni mchezo mpya. Baadaye mtoto alinyoosha kidole tu bila neno, na baadaye tena kidole nacho kilishuka. Alikataa chakula. Alijikunja akishika tumbo, kwa namna ileile ya baba yake, hata Msusi alicheka siku ya kwanza: "Tazameni huyu anavyomwiga!"

Wanawake waliokuja kusukwa walitoa hukumu zao. Mmoja alisema ni minyoo. Mwingine alisema ni magego yanamalizia kutoka. Wa tatu alisema anakua, mtoto wa kike akianza kukua hutulia, na Msusi amshukuru Mungu kwa kupata mapumziko ya masikio. Msusi alinunua dawa ya minyoo. Wiki ile Kasuku alikuwa akivuka sebule, sakafu tambarare, akaanguka bila kujikwaa, na hakulia. Alikaa palepale chini akiutazama mkono wake. Hapo ndipo mama yake alipombeba mgongoni akaenda zahanati.


Swali moja la zahanati Msusi alilichukia kwa moyo wote, nalo ni kazi ya baba. Mtoto alipozaliwa alisema ni mpiga picha. Kwenye chanjo alisema mwandika mabango. Alipomleta kwa homa alisema mfuga nyuki, na yule nesi, mama mnene wa mdomo mwepesi, alimtazama juu ya miwani akauliza, "Huyu ndiye baba yuleyule, au tumebadilisha?" Benchi zima liliangua kicheko. Msusi alicheka pia, kisha alilia njia nzima hadi nyumbani.

Leo nesi alikuwa yuleyule. Alimpima mtoto uzito, akakunja uso, akampima tena. Aliuliza ameanza lini kutulia, anapata choo, anakula udongo? Halafu, bila kuinua macho, "Baba yake anafanya kazi gani?"

Msusi alinyoosha mgongo. Alikuwa amelisubiri swali hilo mwaka mzima. "Ameajiriwa," alijibu, kwa sauti ya kufika hadi benchi la nyuma. "Karakana ya betri. Msimamizi wa tanuri. Mwaka wa pili huu, palepale."

Nesi aliweka kalamu chini.

"Betri za magari? Zile wanazopasua na kuyeyusha?"

"Ndizo hizo." Alikuwa bado anatabasamu.

"Anaoga hukohuko kabla ya kurudi?"

"Anaoga nyumbani."

"Nguo za kazi anarudi nazo?"

"Anazivaa."

"Nani anazifua?"

"Mimi."

"Wapi, mama?"

Tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni, halijui litoke vipi. Msusi alieleza. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema mlangoni, ikisema beseni, ikisema hapana, beseni ni moja. Alipofika kwenye kizingiti na kidole cha mtoto, alinyamaza. Safari hii benchini hakuna aliyecheka, na Msusi angetoa chochote wacheke.

Daktari aliitwa. Alimfunua mtoto kope, akamtazama ufizi, akamwambia ashike kidole chake akaze. Kasuku alikishika lakini hakukaza. Walitoa damu. Daktari alisema kwa upole kwamba inaweza kuwa sumu ya yale madini ya betri, ambayo huingia mwilini kidogokidogo kwa vumbi na moshi. Inaweza pia isiwe. Hapa hawana kipimo. Damu itapelekwa maabara kubwa, majibu yatachukua kama mwezi. Kwa sasa asikung'ute tena nguo zile ndani, na baba mwenyewe akipata nafasi aje.

"Na akiwa nayo?" aliuliza Msusi. "Inatoka?"

"Tusubiri majibu, mama. Usijitie hofu kabla ya wakati."

Alitoka. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wakinunua vocha na ndizi kana kwamba ni siku ya kawaida. Subiri, wamesema. Wenye akili husubiri. Alifika getini mwa zahanati, mahali pa kukata kushoto kwenda nyumbani, na miguu ikagoma. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemshika. Kitu tu, humu, chini kidogo ya koo, kilisema mtoe kule, na kikasema tena, mtoe leo, na hakikutoa sababu wala hakikuonyesha pa kwenda.

Alikijua papo hapo, ingawa hakikuwahi kumsemesha. Mungu wangu, aliwaza, ndicho hiki. Ndicho hiki alichokuwa anakisema, na mimi nikaking'oa kwa plaizi.

Alikata kulia.


"Mama, hapa hatusuki," alisema mlinzi wa karakana, aliyemjua, akaufurahia utani wake.

"Niitie mume wangu."

"Wako kazini. Rudi saa kumi na moja."

Lori la kaka yake lilikuwa ndani, linapakuliwa. Alimwona dada yake kupitia nyavu za geti, akaja akijifuta jasho. "Mdogo wangu, kulikoni? Mtoto anaumwa?"

Alimweleza kwa kifupi. Dereva alisikiliza, akatazama nyuma, akashusha sauti. "Majibu yametoka?"

"Bado."

"Sasa unakuja kufanya nini? Sikiliza. Kazi hii nilimwombea kwa kupiga magoti. Unajua yule tajiri alinijibuje? Alisema, huyu shemeji yako mbona historia yake ni kama ya kuku, kila shimo anadonoa? Nikamdhamini kwa jina langu. Leo uje umtoe kwa sababu nesi kasema huenda?"

"Nesi hakusema nimtoe. Nesi kasema nisubiri."

"Basi!"

"Siwezi kusubiri."

Dereva alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. "Na wewe umeingiwa na sauti?"

Geti lilifunguliwa kupitisha toroli, Msusi akapita nalo. Mlinzi alipaza sauti nyuma yake.

Hakuwahi kuingia mle. Mwaka mzima alikuwa ameisifia karakana ambayo hakuijua hata rangi ya mlango wake. Uwanjani wanaume walipasua betri kwa shoka, maji makali yakitiririka hadi kwenye viatu vyao. Mmoja alikula mkate hukohuko, kwa mkono uleule wa kijivu. Ndani mlikuwa na joto na moshi wenye ladha, ladha ya sarafu iliyowekwa mdomoni. Kila kitu kilifunikwa na lile vumbi: mabati, madirisha, nyusi za watu. Alilitambua. Lilikuwa nyumbani kwake, kizingitini, mkekani, chini ya kitanda cha mtoto.

Bwana Kazi alisimama mbele ya tanuri na upawa mrefu wa chuma, akichota madini yaliyoyeyuka na kuyamimina kwenye kalibu. Mkono wake ulitetemeka, na tone moja liliruka likatua hatua moja kutoka kwenye mguu wake. Hakulitazama.

"Baba Kasuku!"

Aligeuka taratibu. "Leo Jumamosi?" aliuliza.

"Jumanne. Twende nyumbani."

Tajiri wa karakana alishatoka ofisini, mtu mpole, shati jeupe, kitambaa puani. Alimsalimu Msusi kwa heshima zote. Alisema kila kazi ina vumbi lake, hata darasani kuna vumbi la chaki. Alisema mzee ndiye tegemeo lake pale, na akimwacha ghafla hivi, katikati ya mwezi, yeye hatakuwa na la kumlipa, si kwa ubaya, ndio utaratibu. "Ukipata majibu ya hospitali, mama, tuletee. Tutakaa, tutaongea kama familia."

"Umesikia," alisema Bwana Kazi. "Tukipata majibu. Halafu mimi siwezi kuondoka. Niliapa."

"Uliniapia mimi. Nimekufungua."

"Niliapa kwa kichwa cha..." Alimtazama mtoto mgongoni mwa mama yake. Midomo yake ilitafuta. "Cha huyu."

Msusi alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Alijikaza kisabuni. "Tunaondoka," alisema. "Sasa hivi."

"Nani kakwambia tuondoke?"

"Nimeambiwa tu."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kitu kilisogea katika uso wa mume wake. Alimtazama mke wake, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza wimbo unaopigwa nyumba ya tatu. Kisha alianza kutembea kuelekea getini. Alikuwa bado ameushika upawa, na Msusi alielewa, akasimama mbele yake.

"Uache."

"Wa ukutani," alisema, kama mtoto anayejitetea. "Huwa nachukua."

"Huo hauingii nyumbani kwangu."

Aliulaza chini kwa uangalifu. Mbele ya geti aligeuka mara mbili kuutazama. Dereva wa lori alijitia anakagua tairi, na walipopita hakuinua kichwa.


Msusi alimvulia nguo uani, peupe, jirani atazame akitaka. Alitia ovaroli na viatu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo. Alimwogesha mume wake kwa sabuni mara mbili, kichwa, masikio, kucha, naye alitulia chini ya maji bila ubishi. Akamwogesha mtoto. Kisha alitoa mkeka, akapiga deki nyumba yote kwa kitambaa kibichi, akiwa amepiga magoti, kizingitini akarudia na kurudia. Maji yalitoka ya kijivu. Aliyabadilisha, yakatoka ya kijivu tena.

Kodi ilikuwa inakuja. Muuza duka angejua kabla ya jua kuzama, na kikundi kingemrudisha mwisho wa mkeka, na yule mama wa maneno mengi angekuja kusukwa hata kama nywele zake hazijafumuka. Yote hayo aliyapanga kichwani akayakuta ni madogo. Alichokiogopa kilikuwa kimekaa kwenye kiti, kimekipakata kingine.

Alifungua kopo la vitana, akachukua msumari. Aliitungua nyundo ya useremala. Tundu la zamani lilikuwa limebomoka, kwa hiyo aliupigilia kando yake, kwa mapigo mengi yasiyo na ustadi, mpaka ukashika ukiwa umepinda kidogo.

Bwana Kazi alisimama nyuma yake, kichwa bado kinadondosha maji, mtoto mkononi. "Wa nini?"

"Wa betri."

"Hauna kitu."

"Utakaa hivyohivyo."

Alikubali kwa kichwa. Macho yake yalitembea kwenye safu, mkasi, nyundo iliyokuwa inarudishwa mahali pake, plaizi, na midomo yake ilitikisika kidogo kama enzi zile alipokuwa akimfundisha binti yake. Kidole chake kiliinuka, kikatetemeka, kikasimama kwenye kopo la moshi.

"Hiki," alisema. "Hiki kilikuwa cha kazi gani?"

Msusi aliangua kicheko. Kilimtoka chenyewe, kwa furaha, kwa kuwa utani ulikuwa umerudi nyumbani. "Acha hizo, baba Kasuku!"

Lakini mume wake hakuwa anacheka. Paji la uso lilikuwa limekunjamana. Alikuwa anasubiri ajibiwe. Mtu huyu aliyewahi kulala mizingani, aliyewaimbia nyuki, aliyesema kama angekufa mwaka ule asingedai kitu, alikitazama kile kifuko cha ngozi kwa adabu, kama cha mgeni.

Kicheko kilimfia Msusi mdomoni. Alijifuta mikono kwenye kanga. Alisimama kati ya ukuta na watu wake wawili, wote wameoga, wote wamemkodolea macho, akaweka kidole kwenye chombo cha kwanza.

"Mkasi," alisema.

"Mkasi," aliitikia mume wake, polepole.

Msusi alimgeukia mtoto. Kasuku alikuwa anautazama msumari.

"Mkasi, mama," alisema tena Msusi. "Sema mkasi."